Sigara Haiondoi Mawazo



Ukiniona nakuja kwako na daftari mkononi najua unachowaza: leo huyu atauliza choo, chandarua au kadi ya chanjo. Safari hii nataka tuongee habari ya sigara, na naomba usifunge ukurasa. Habari za mapafu na kansa umeshazisikia sana, hata kwenye pakiti zimeandikwa. Mimi nataka kukueleza jambo ambalo sisi wenyewe wahudumu wa kujitolea tulichelewa kulitilia maanani. Ni uhusiano uliopo kati ya nikotini, yaani ile dawa iliyomo ndani ya tumbaku, na hatari ya mtu kujiua.

Najua neno hilo la mwisho ni zito. Kwetu halitamkwi ovyo, na likitamkwa wazee hutema mate chini. Nitalitamka hata hivyo, kwa sababu mwaka 2023 nilikaa nalo kimya siku tatu nzima, na kimya changu nusura kimgharimu mtu uhai.

Katika kijiji chetu hapa kambini kuna baba mmoja ambaye ameniruhusu kuandika habari zake, mradi nisitaje jina lake wala mahali alikotoka kule Kongo. Ni fundi baiskeli. Tangu ujana wake alikuwa anavuta sigara mbili tatu jioni, akishamaliza kazi. Mwezi wa Julai 2023, mgawo wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi, familia yake iliwekwa katika kundi la wanaosemekana kujitegemea, ambao hawapati kitu. Wewe unayesoma unajua siku ile ya orodha ilivyokuwa. Sina haja ya kukusimulia.

Baada ya hapo, kila nilipopita kwake niliona vipisi vya sigara vinaongezeka mlangoni. Alikuwa ananunua moja moja dukani, akimaliza moja anamtuma mtoto nyingine. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwana wangu, hii ndiyo inanipunguzia mawazo. Ukininyang'anya hii, utanipa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua kitabu changu cha picha nikamwonyesha pafu jeusi. Nikamwambia aache mara moja, kwa ajili ya watoto. Na kweli, kwa heshima yake, akaacha siku ile ile. Nikaandika kwenye daftari langu: ameacha. Nikaondoka nikiwa na furaha kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku ya tatu mke wake alinikuta kisimani. "Papa halali," akaniambia. "Usiku anazunguka nje. Watoto wakicheka anawafokea, halafu anaomba msamaha na kulia." Nikamwambia avumilie, ni hamu ya sigara tu, itapita. Jioni ile nilipita kwao nikakuta baba amempa mtoto wake wa kwanza spana zake zote, pampu na sanduku la vipuri. Nilifurahi! Nikasema sasa kijana anajifunza ufundi wa baba. Baba aliniangalia tu, hakusema neno.

Nilikaa siku tatu nyingine. Usiku wa tatu, nikiwa nimelala, spana zile zilinirudia kichwani. Mtu mwenye watoto wadogo, ambaye hana mgawo, na mkate wake uko kwenye zile spana, kwa nini azigawe? Asubuhi na mapema nilikwenda kwake, nikamwomba tukae pembeni, nikamuuliza waziwazi: "Papa, unafikiria kujiua?"

Alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiyo. Tangu siku ya orodha."

Tangu siku ya orodha, msomaji. Siyo tangu alipoacha sigara. Vile vipisi nilivyokuwa navihesabu mlangoni vilikuwa vinaniambia kitu miezi miwili nzima, nami nilikuwa nasoma pafu peke yake.

Utafiti unasemaje

Baada ya pale nilianza kuuliza. Muuguzi wetu wa afya ya akili ndiye aliyenielekeza mambo mengi ninayokuandikia hapa, na mengine nimeyasoma mwenyewe. Mimi nimefika sekondari tu, sitajifanya daktari.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Iran walikusanya pamoja tafiti 63 kutoka nchi mbalimbali, zenye watu zaidi ya milioni 8. Walikuta kwamba hatari ya kufa kwa kujiua kwa mtu anayevuta sigara inakaribia mara mbili ya ile ya mtu asiyevuta. Kwa upande wa kujaribu kujiua tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Muhtasari mwingine wa tafiti, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba hatari inapanda kadiri idadi ya sigara za kila siku inavyopanda, na kwamba walioacha wana hatari ndogo kuliko wanaoendelea.

Sasa subiri kidogo. Usitoke hapa ukamwambia mjomba wako mvutaji kwamba gazeti limesema atajiua. Wavutaji walio wengi sana hawatajaribu kamwe jambo hilo. Mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo. Tena kuna swali la haki ambalo hata wataalamu wanabishana juu yake: je, sigara ndiyo inayoleta hatari, au mtu mwenye mzigo moyoni ndiye anayekimbilia sigara?

Huko Sweden waliwafuatilia vijana karibu 50,000 walioandikishwa jeshini miaka ya 1969 na 1970, kwa muda wa miaka 26. Waliokuwa wanavuta walijiua zaidi. Lakini watafiti walipotoa hesabuni ulevi, magonjwa ya akili na matatizo mengine ambayo vijana wale walikuwa nayo tangu mwanzo, tofauti ilikaribia kwisha. Kwa hiyo pale ilionekana kwamba mzigo ulitangulia na sigara ikafuata. Kwa upande mwingine, Marekani walitazama miaka ya 1990 hadi 2004, wakaona kwamba majimbo yaliyopandisha kodi ya sigara na kukataza kuvuta katika majengo ya umma yalipata upungufu wa watu kujiua kuliko majimbo yaliyolegea. Kama sigara haihusiki kabisa, kwa nini kuipunguza kupunguze na hilo?

Nikiyaweka haya pamoja, mimi naelewa kwamba mambo yote mawili ni ya kweli kwa kiasi chake. Mwenye huzuni anaikimbilia sigara, nayo sigara haimwachi alipokuwa. Kwetu sisi wa kambini hoja ya pili ndiyo ngumu kuikubali, maana kila mtu anasema sigara inatuliza. Basi ngoja nikuonyeshe inavyotuliza.

Ukivuta moshi, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, 10 hadi 20 hivi. Huko inagusa sehemu zinazotoa raha, nawe unajisikia umepoa. Lakini haikai. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ubongo ulioizoea unaanza kudai. Mikono inatafuta kitu, moyo unakosa subira, kelele za watoto zinakuwa kubwa kuliko zilivyo. Unawasha nyingine, yale yote yanatulia, nawe unasema: unaona, sigara imenipunguzia mawazo. Kumbe imepunguza yale iliyoyaleta yenyewe. Mawazo ya mgawo, ya ndugu waliobaki, ya kesi ya uhamisho isiyojibiwa, yako pale pale.

Mnawakumbuka wale wa Bank Lambert kule nyumbani, wanaokopesha kwa riba. Anakupa asubuhi, mchana anakudai, jioni unakopa tena kwake ili umlipe yeye mwenyewe. Akikuona huna anakutolea sauti nzuri, unasema huyu ndiye rafiki. Sigara ni hivyo. Nayo inakudai hata usiku, na ndiyo maana wavutaji wengi usingizi wao ni mbovu, na mtu mwenye huzuni akikosa usingizi anazidi kuzama.

Ugoro nao na vipakiti vya kuweka chini ya mdomo vina nikotini ile ile, na madai ni yale yale. Mama zetu wanaonusa jioni wasidhani habari hii haiwahusu kwa sababu hakuna moshi.

Habari njema, na sharti lake

Watu wengi wanaogopa kuacha kwa kuhofia kwamba wakiacha watachanganyikiwa. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walitazama tafiti 26 za watu walioacha sigara na wale walioendelea, wakalinganisha hali yao ya akili baada ya angalau wiki 6. Walioacha walikuwa na huzuni kidogo zaidi, wasiwasi kidogo zaidi na raha zaidi ya maisha kuliko walipokuwa wanavuta. Mwaka 2021 kazi hiyo ilirudiwa kwa ukubwa, tafiti 102 zenye watu karibu 170,000, na jibu halikubadilika. Hata watu wenye magonjwa ya akili walikuwemo, nao hawakuharibika kwa kuacha.

Lakini angalia vizuri: baada ya wiki 6. Kabla ya hapo kuna mto wa kuvuka. Saa chache baada ya sigara ya mwisho dhiki inaanza. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele: hasira, wasiwasi, kukosa usingizi, machozi ya karibu, njaa. Kwa wengi inaisha polepole kati ya wiki 2 na wiki 4. Mtu mwenye moyo mzima anavumilia. Mtu ambaye tayari alikuwa anafikiria kufa, ukimwambia avuke mto huo peke yake usiku, umemfanyia kosa. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

Kwa hiyo kama unavuta na unataka kuacha, jiulize kwanza swali moja kwa ukweli: je, katika wiki hizi nimewahi kuona ni afadhali nisiwepo? Kama jibu ni hapana, chagua siku yako uanze. Kama ni ndiyo, njoo kliniki kwanza, na sigara tutaizungumzia huko huko. Huambiwi uendelee kuvuta. Unaambiwa usiende peke yako.

Na kama unatumia dawa za akili, mwambie muuguzi kabla ya kuacha. Moshi wa tumbaku unafanya mwili uziunguze haraka baadhi ya dawa hizo. Ukiacha kuvuta, kipimo kile kile kinaweza kuwa kikubwa kwako, ukajikuta umelegea na kusinzia bila kujua sababu. Muuguzi anaweza kukipunguza.

Siku ya kuanza usiichague iwe wiki ya msiba wala wiki ya kungojea orodha mpya. Mwambie mtu mmoja ndani ya nyumba na mmoja nje. Saa ile ya jioni uliyozoea kuvuta, uwe na kazi ya mikono: kumenya, kusuka, kufunga fundo la kuku, chochote. Muwa unasaidia mdomo. Hamu ikija kwa nguvu haichukui muda mrefu, ni dakika chache, kwa hiyo inuka, kunywa maji, tembea hadi kwa jirani na kurudi. Pombe iweke mbali kwa wiki hizo zote, na hapa nasema kwa nguvu, kwa sababu waragi inarudisha sigara mkononi na pia inamwondolea mtu breki. Mtu mwenye mawazo ya kufa akilewa anaweza kufanya kwa dakika moja jambo ambalo asubuhi asingelifanya.

Kuna pia dawa za kusaidia kuacha. Ubani na vibandiko vya nikotini viliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Mimi sijaviona kwenye kabati la dawa la kituo chetu, kwa hiyo sitakudanganya. Uliza tu. Tukiuliza wengi wataandika kwamba vinahitajika.

Neno kwa wenye maduka. Sheria ya tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuuza moja moja. Najua biashara ni ngumu, na najua moja moja ndiyo inayotoka. Lakini yule mtoto anayetumwa na baba leo, kesho anajinunulia. Ninao wavulana watatu kwenye daftari langu walioanza kwa kutumwa.

Kama wewe huvuti

Ukurasa huu ni wako pia, pengine kuliko wa mvutaji. Mvutaji hahesabu sigara zake. Wewe unayeishi naye unaona. Kuvuta kwa kawaida peke yake si dalili ya kujiua. Dalili ni mabadiliko. Mtu aliyekuwa anavuta mbili sasa anavuta kumi na tano, tena anavuta usiku akiwa peke yake nje. Au mtu ambaye hakuwahi kuvuta anaanza ghafla baada ya msiba au habari mbaya. Ukiona hivyo, tazama na mengine: anagawa vitu vyake, anaaga kwa namna isiyo ya safari, anasema yeye ni mzigo kwa watu, ameacha kwenda kanisani au msikitini, amekuwa mtulivu ghafla baada ya siku nyingi za machungu.

Halafu muulize. Wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua unampandia mbegu. Hapana. Wataalamu wamelichunguza na kuona kwamba swali halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Linampa mlango. Usimuulize mbele ya watoto wala mbele ya wakwe. Tumia maneno wazi, siyo mafumbo. Akisema ndiyo, usimhubirie, usimtishie dhambi, usimwambie wako wenye shida kuliko yeye. Kaa naye. Ondoa karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Usimwache peke yake mpaka mfike kituo cha afya, hata kama ni usiku. Kumwambia muuguzi kwamba una mawazo ya kufa si kosa, na kliniki si polisi.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona na mgawo ulipopunguzwa kwa asilimia 30, UNHCR ilisema wazi kwamba wakimbizi wanaojiua au kujaribu kujiua hapa Uganda wameongezeka. Tangu hapo mgawo umepunguzwa tena na tena. Nasema hivi ili usidhani mtu wako ni dhaifu au amelogwa. Mzigo ni mkubwa kweli.

Najua utaniuliza habari za yule baba. Siku ile tulitembea pamoja hadi kituoni, mimi, yeye na mke wake, na njiani alivuta sigara mbili. Sikusema neno. Muuguzi alizungumza naye saa nzima, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Kwa wiki mbili jirani mmoja alilala kwao. Sigara aliiacha kwa mara ya pili miezi minne baadaye, akairudia alipopata habari ya kifo cha dada yake, na sasa anavuta moja, siku nyingine mbili. Anasema ataimaliza. Mimi simsukumi, ila nikipita namuuliza mambo mawili, sigara ngapi na usingizi ukoje, naye ananijibu yote mawili.

Spana zake alizichukua tena. Kijana anazitumia jioni, baba akiwa amekaa kando kwenye kigoda anamwelekeza.

Kliniki ya afya ya akili iko pale pale kituo cha afya, mlango wa nyuma ya maabara. Huhitaji barua wala rufaa, na muuguzi haandiki habari zako kwenye daftari la kijiji. Ukiona aibu kuonekana umekaa kwenye lile benchi, piga hodi kwa mhudumu wa kijiji chako. Tutakwenda wote wawili, na anayetuona njiani atadhani tunapeleka ripoti ya vyandarua.